Fahamu: Kwa nini wastani wa jimbo haumsemei kila mkazi

Je, takwimu za eneo zinaweza kutueleza hali ya mtu mmoja mmoja? Mwaka 1950, mwanasosholojia wa Marekani W. S. Robinson alionyesha hatari ya kudhani hivyo.

Alitumia sensa ya Marekani ya 1930. Majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na kiwango kidogo cha wasiojua kusoma na kuandika. Lakini alipolinganisha watu wenyewe, wahamiaji waliwazidi wazawa kwa kutojua kusoma.

Sababu? Wahamiaji walielekea kuishi kwenye majimbo ambako wazawa walikuwa wamesoma zaidi.

Hoja hiyo imetumika pia kuukosoa utafiti wa mwanasosholojia Émile Durkheim wa 1897 kuhusu kujiua, uliolinganisha maeneo ya Waprotestanti na ya Wakatoliki badala ya watu wenyewe.

Basi ukiona takwimu za maeneo, kama ramani ya uchaguzi, uliza kwanza: kilichopimwa ni mtu au eneo?