Ijumaa asiye na ulimi

Wengi mlisikia shuleni hadithi ya Robinson Crusoe, yule baharia aliyekaa kisiwani miaka 28. Daniel Defoe wa Uingereza aliiandika mwaka 1719. Crusoe aliokoa mtu, akamwita Friday, yaani Ijumaa, maana ilikuwa Ijumaa. Jina lake mwenyewe hakumuuliza. Akamfundisha kusema "Bwana".

Mwaka 1986 J. M. Coetzee wa Afrika Kusini aliisimulia upya katika kitabu Foe. Humo msimulizi ni mama, Susan Barton. Binti yake aliibwa, akamtafuta Brazil miaka miwili bila kumpata. (Hapo wengine wetu tutafunga kitabu kwanza.) Akirudi, mabaharia waliasi, wakamtupa baharini na mashua ndogo, akafika kwa Cruso na Ijumaa. Ijumaa huyu hana ulimi, umekatwa. Nani alikata? Cruso anasema wauza watumwa, lakini Susan hana hakika.

Huko Uingereza Susan anampa mwandishi Foe habari zake aziandike. Foe anataka kuzigeuza, ati kisiwa peke yake hakinogi. Sisi tuliokaa mbele ya karani na mkalimani tunajua: unasema hili, linaandikwa lile.

Kwangu mimi mwalimu, panapouma ni pale Ijumaa anapopewa kibao cha kuandikia. Anachora macho yenye miguu, yanatembea. Susan akitaka kuona, anafuta kwa mate. Baadaye anajaza karatasi herufi moja tu, o, o, o. Foe anashauri kesho afundishwe a.