Jeni za Usugu kati ya Zizi na Wodi

Usugu wa bakteria dhidi ya dawa hukaa ndani ya jeni. Bakteria mwenye jeni ya kuivunja dawa, kuitema nje ya seli au kuikinga sehemu inayoshambuliwa na dawa huirithisha kwa wazao wake wote. Dawa inapoingia mwilini, wasio na jeni hiyo hufa, na walio nayo huongezeka hadi wakajaza nafasi iliyoachwa wazi. Hilo hutokea kwa mgonjwa aliyelazwa hospitalini. Hutokea vilevile ndani ya utumbo wa ng'ombe, kuku na nguruwe, ambamo bakteria wa Escherichia coli huishi kwa mabilioni bila kumdhuru mnyama. Wengi wao hawamdhuru hata mtu, lakini jeni walizobeba zinaweza kuhamia kwa bakteria wanaoua.

Lugulu iko kwenye barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale, katika kaunti ya Bungoma. Ni eneo la mahindi, miwa, kuku wa kienyeji na ng'ombe wa maziwa wachache kwa kila boma, na lina hospitali ya misheni ya Friends inayohudumia vijiji vingi vya karibu. Mfugaji, ng'ombe wake na mtoto wake hukaa kwenye ua mmoja. Samadi ya zizi ndiyo mbolea ya sukuma wiki, na mvua inayoosha ua huteremka bondeni kwenye chemchemi na vijito vya kuchota maji.

Ugonjwa wa kiwele unatosha kuonyesha mambo yanavyokwenda. Ng'ombe anavimba chuchu moja, inakuwa na joto, na maziwa yanatoka na mabonge. Daktari wa mifugo yuko mbali na ada yake ni kubwa, basi mfugaji huenda kwenye agrovet akanunua dawa na kumdunga ng'ombe mwenyewe. Siku ya pili uvimbe ukipungua, sindano husimamishwa ili dawa iliyobaki ije isaidie siku nyingine. Maziwa ya siku hizo yakikataliwa na mnunuzi, hupewa ndama. Kwa hiyo ndama hunywa maziwa yenye dawa kidogo, isiyotosha kuua bakteria wote wa utumbo wake lakini inayotosha kuwachuja: walio dhaifu wanapungua, walio sugu wanabaki na kuenea katika kinyesi chake.

Dawa iliyozoeleka zaidi katika kazi hii ni oksitetrasaiklini. Ni ya bei nafuu, huuzwa kwa chupa za sindano na pakiti za unga wa kuchanganya na maji ya kuku, na kuna magonjwa inayoyatibu vizuri, ukiwemo ndigana baridi. Hata chanjo ya ndigana kali iliyotengenezwa Muguga, ambayo humpa ng'ombe vimelea hai, huambatana na sindano yake. Haitakuwa haki kumlaumu mfugaji kwa kuitumia. Utafiti wa matumizi ya antibiotiki kwa mifugo nchini Kenya kati ya mwaka 1995 na 1999 ulikadiria wastani wa tani 14 na nusu hivi kwa mwaka, na zaidi ya nusu ilikuwa ya jamii ya tetrasaiklini.

Bakteria hupata usugu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kosa dogo la kunakili. E. coli akiwa na chakula cha kutosha na joto zuri huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20, na kila mara hunakili DNA yenye herufi zipatazo milioni 4.6. Makosa ni machache, lakini kwa idadi ya bakteria walioko katika utumbo mmoja hutokea mengi kila siku. Herufi moja ikibadilika mahali panapofaa katika jeni iitwayo gyrA, siprofloksasini hupungua nguvu, na mabadiliko mengine yakiongezeka juu yake dawa hiyo haifanyi kazi tena. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard waliwaotesha bakteria kwenye sahani kubwa yenye kanda za dawa, kila kanda ikizidi nguvu ya iliyotangulia. Kwa siku zipatazo 11 wazao wa bakteria wa mwanzo walikuwa wakiishi katika dawa yenye nguvu mara 1,000 ya ile iliyowazuia mwanzoni, wakipanda hatua kwa hatua, badiliko juu ya badiliko.

Njia ya pili ni ya haraka zaidi, na ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi kati ya mifugo na watu. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walitangaza kwamba bakteria wanaweza kupeana jeni. Miaka ya 1950 madaktari wa Japani walikuta wagonjwa wa kuhara damu ambao bakteria wao walishinda dawa kadhaa kwa mpigo, na Tsutomu Watanabe na wenzake wakaeleza kwamba usugu huo ulihama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kibebeo chake ni plasmidi, kipande cha DNA cha mviringo kilicho nje ya kromosomu. Bakteria wawili hugusana, mmoja hupitisha nakala ya plasmidi kwa mwenzake, na wote wawili hubaki nayo. Si lazima wawe wa aina moja: E. coli wa ndama anaweza kuipitisha kwa bakteria wa Salmonella au Klebsiella.

Jeni zenyewe ni za kale kuliko dawa za viwandani. Mwaka 2011 zilitolewa taarifa za DNA ya bakteria iliyohifadhiwa miaka 30,000 katika udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, na ndani yake mlikuwa na jeni za kukinza tetrasaiklini na dawa za jamii ya penisilini. Bakteria na kuvu wa udongoni wamepigana kwa sumu tangu zamani, na silaha zote mbili, sumu na kinga yake, zilikuwepo kabla ya penisilini kugunduliwa. Kilichobadilika katika miaka 80 hivi iliyopita ni wingi wa dawa duniani, ambao umezitoa jeni hizo pembezoni na kuzifikisha kwenye matumbo ya watu na wanyama. Jeni ya CTX-M-15, inayovunja dawa ya seftriaksoni, ina asili yake katika kromosomu ya Kluyvera, bakteria wa mazingira asiyejulikana sana na madaktari. Kipande cha DNA chenye uwezo wa kuhama kiliibeba hadi kwenye plasmidi, na leo iko hospitalini katika mabara yote yenye watu.

Plasmidi moja inaweza kubeba jeni za kukinza dawa tano au sita, zikiwa zimepangana bega kwa bega. Ukitumia dawa moja tu kati ya hizo, unazilinda zote. Ng'ombe akidungwa oksitetrasaiklini, bakteria mwenye jeni ya tet(A), ambayo hutengeneza pampu ya kuitema dawa hiyo, hupona. Kama jeni ya CTX-M-15 iko kwenye plasmidi hiyohiyo, nayo hupona, ingawa ng'ombe huyo hajawahi kuonja seftriaksoni maishani mwake. Mtu anayesema kwamba dawa ya mifugo ni ya mifugo na ya watu ni ya watu amesahau kwamba bakteria hawasomi kibandiko cha chupa. Gharama ya usugu huo huonekana wodini. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu huanzishiwa ampisilini na gentamisini, na zikishindwa hupewa seftriaksoni. Bakteria mwenye CTX-M-15 anapoishinda hiyo pia, kinachobaki ni dawa kama meropenemu, ghali na adimu katika hospitali nyingi za vijijini, na wakati huo saa za mtoto zinahesabika. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalihusisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 duniani na bakteria sugu.

Ushahidi kwamba usugu hutoka kwa mifugo kwenda kwa watu ni wa miaka mingi. Mwaka 1976 Stuart Levy alieleza jaribio la shamba moja la kuku nchini Marekani, ambako kuku walilishwa chakula chenye tetrasaiklini. Katika muda wa wiki moja hivi bakteria wa utumbo wao walikuwa karibu wote sugu, na baada ya miezi mitano hadi sita usugu ulionekana zaidi kwa watu wa shambani kuliko kwa majirani zao. Mwishoni mwa mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni ya mcr-1, iliyo kwenye plasmidi na inayokinza kolistini, dawa ya akiba kwa wagonjwa mahututi. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Muda mfupi baadaye nchi nyingi zilipopekua sampuli zao za zamani ziliikuta pia. Safari huenda pande zote mbili: aina ya Staphylococcus aureus iitwayo CC398, iliyosumbua wafugaji wa nguruwe Ulaya, ilianzia kwa watu, ikahamia kwa nguruwe, ikapata usugu huko, kisha ikarudi kwa watu.

Afrika Mashariki imetoa ushahidi wake, na unaonya dhidi ya majibu mepesi. Jijini Nairobi watafiti walichukua sampuli katika kaya 99 na wakasoma jenomu za E. coli 1,338 kutoka kwa watu na wanyama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba bakteria waleule kabisa kwa mtu na kwa mnyama hawakuwa wengi, na walipopatikana mara nyingi walikuwa wa kaya moja. Vilevile, Samuel Kariuki wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzake walipochunguza Salmonella inayoingia kwenye damu ya watoto nchini Kenya, waliona inafanana zaidi na ya ndugu na wazazi wa mgonjwa kuliko ya mifugo wa nyumbani. Sehemu kubwa ya usugu wa hospitali hutokana na dawa tunazomeza wenyewe, hasa zinazonunuliwa bila cheti cha daktari. Hata hivyo, anayehesabu bakteria wanaofanana peke yao huikosa plasmidi iliyoshuka kwa ng'ombe na kupanda kwa bakteria mwingine kabisa. Ndiyo maana inafaa kuchukua sampuli hospitalini, sokoni na machinjioni kwa pamoja, kama ulivyofanya utafiti wa Magharibi mwa Kenya ulioitwa ZooLinK, uliofanywa Busia, Bungoma na Kakamega.

Njia za jeni hizo ni za kila siku: mikono iliyokamua, ubao wa kuchinjia, mboga iliyonyunyiziwa maji ya kijito, maziwa mabichi. Kuchemsha maziwa huua bakteria, sugu na wasio sugu. Hakuondoi mabaki yote ya dawa, na kwa hiyo siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko lazima zitimizwe kabla ya maziwa kuuzwa.

Usugu unaweza kupungua, ingawa kwa taabu, kwa sababu bakteria waliobeba jeni hizo kwa muda mrefu hupata mabadiliko mengine yanayowapunguzia mzigo wa kuzibeba. China ilipopiga marufuku kolistini katika chakula cha kukuzia mifugo mwaka 2017, mcr-1 ilishuka kwa wanyama na kwa watu. Umoja wa Ulaya uliacha antibiotiki zote za kukuzia mifugo tarehe 1 Januari 2006. Kenya ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu mwaka 2017 na mwingine wa 2023 hadi 2027. Mpango hauwezi kusimama bila maabara ya kupima sampuli ya maziwa karibu na mfugaji, na bila daktari wa mifugo ambaye ada yake inalipika. Hapo ndipo kaunti za Bungoma na jirani yake Trans Nzoia zinapaswa kuweka fedha kwanza.

Mfugaji naye ana hatua iliyo mkononi mwake. Kideri, kinachomaliza kuku wa kienyeji kijiji kizima, husababishwa na virusi, na unga wa tetrasaiklini unaotiwa kwenye maji yao hauwezi kuviua virusi hivyo. Chanjo yake hutengenezwa hapahapa nchini na KEVEVAPI, taasisi ya chanjo za mifugo, na hutolewa kwa tone moja tu jichoni mwa kuku.