UZI: Mbona mtaa haurukii kiwanda kutoka kibandani

1. Msimu wa kura ukikaribia, sisi watu wa Eastlands huahidiwa moja kati ya mambo mawili: "tutawaletea viwanda" ama "tutainua jua kali". Halafu watu wanabishana kwa matatu mpaka shukisho. Leo sitaji chama wala mheshimiwa. Nataka tuelewe uchumi wa eneo hubadilika vipi, ndio ukisikia ahadi ujue la kuuliza. Twende polepole.

2. Reli ilifika Nairobi 1899. Waafrika waliokuja kuufanyia mji kazi wakapangiwa upande wa mashariki: Pumwani kwanza, baadaye Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni. Makongeni zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Kwa hivyo Eastlands ilianza kama mahali pa kulala. Kazi ilikuwa ng'ambo: kwa karakana za reli, Industrial Area, na mjini.

3. Lakini mfanyakazi harudi nyumbani na mshahara pekee. Anarudi na ujuzi. Ukishajua kukunja bati na kupiga ribiti, huvui hiyo akili getini pamoja na ovaroli. Mafundi wengi wa kwanza walijifunza chini ya mafundi wa Kihindi, halafu wakafunza wengine. Ongeza madramu matupu na mabaki ya bati kutoka viwandani hapo karibu. Ujuzi uko, mali ghafi iko, wateja wako. Hapo ndipo unapata Kamukunji.

4. Sasa angalia Kamukunji ilivyopanuka. Karai, sufuria na jiko. Halafu sanduku la shule, lile kila mtu aliyesoma bodi analijua. Halafu wilbaro, vyombo vya kulishia kuku, vikaango vya chipsi. Kila bidhaa mpya ni jirani ya ile ya zamani: bati lile lile, nyundo ile ile, kitu kimoja kipya cha kujifunza. Hakuna aliyetoka kwa karai akaingia moja kwa moja kutengeneza simu.

5. Mwandishi Jane Jacobs aliieleza hii kitu 1969 kwa kitabu chake kuhusu uchumi wa miji: kazi mpya huota juu ya kazi iliyokuwepo. Mfano wetu ni jiko la udongo ndani na bati nje. Miaka ya 1980 mwanzoni, wazo la jiko la aina hiyo lilichukuliwa kutoka Thailand, na mafundi wa Shauri Moyo wakawa kati ya wale walioshika kazi ya bati. Wazo lilitoka mbali, lakini lilishika kwa sababu mikono ilikuwa tayari. Likapelekwa mahali hakuna fundi, lingekufa.

6. Eastleigh pia. Wasomali walikuwa wanaishi na kufanya biashara huko tangu enzi za mkoloni. Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, waliokimbia vita walipata jamaa, misikiti na nyumba za kulala wageni. Garissa Lodge ikageuka: vyumba vya kulala vikawa maduka. Kutoka hapo maduka makubwa yakafuatana. Watu wanaona maghorofa, hawaoni lodji iliyotangulia.

7. Sasa jambo gumu. Kuna kupanuka na kuna kurudufika, na wanasiasa hupenda kuchanganya hayo mawili. Mama mmoja akiuza mboga kwa kona, ni biashara. Wakifika kumi kwa kona hiyo hiyo, wateja wakiwa wale wale, uchumi haujapanuka. Sahani ni moja, imegawanywa mara kumi. Takwimu za serikali zenyewe kila mwaka zinaonyesha zaidi ya kazi 8 kati ya 10, ukitoa wakulima wadogo, ziko jua kali. Kwa hivyo ukisikia "ajira mpya", uliza: ni kazi mpya, ama ni sahani ile ile?

8. "Si tupige marufuku mitumba, viwanda virudi?" Hili swali halikosi. Ni kweli soko lilipofunguliwa, viwanda kama Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret viliumia. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kumaliza mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kufunga soko lake, Kenya ikajiondoa. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru.

9. Lakini tazama Gikomba kwa makini. Robota likifunguliwa, kuna anayechagua kamera, yaani nguo za daraja la kwanza. Kuna fundi wa kupunguza suruali, wa zipu, wa kupiga pasi, mbeba mizigo, mama wa chai. Ukizuia robota leo, hao wote wanalala njaa kesho, na kiwanda hakitafika wiki ijayo. Swali la maana si mitumba ndiyo ama la. Ni hili: huyo fundi wa zipu anahitaji nini ndio ashone sare za shule mia mbili kwa mwezi?

10. Na wale wa "acheni watu wajitafutie" pia nawauliza. Juni 2018 moto Gikomba uliua watu 15. Haukuwa wa kwanza wala wa mwisho kwa hilo soko. Nani ataweka cherehani kumi za umeme mahali panapoweza kuungua usiku, ama kubomolewa asubuhi, na hana karatasi yoyote ya kuonyesha? Kwa hivyo watu hubaki na biashara ya kubeba mgongoni. Hawajakosa akili ya kukua. Wanapiga hesabu ya hasara, na hesabu yao iko sawa.

11. Si jambo jipya. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya 1972, ukasema hawa wa sekta isiyo rasmi wanazalisha, msiwafukuze. Mwaka 1992 serikali ikaandika waraka wake wa sera kuhusu jua kali. Maneno tunayo tangu zamani. Kinachokosekana ni fundi kulala akijua kesho atapata banda lake.

12. Kwa hivyo, mtu akija na kipaza sauti, muulize haya:
- Hiyo kazi mpya itaota juu ya ujuzi gani ulioko hapa tayari?
- Bidhaa itauzwa nje ya mtaa, ama tutauziana sisi kwa sisi?
- Mkihamisha soko, mtahamisha muuza bati, fundi na mteja pamoja, ama mtawatawanya?
- Nani atakuwa na karatasi ya hilo banda?

Akijibu la nne bila kuzunguka, mpe kiti aendelee.

Mko kwa mtaa gani, na kazi gani mpya mmeona ikiota juu ya ile ya zamani? Andikeni hapa chini.