Ahadi ya mavuno kanisani, na magunia yaliyobaki nyumbani

Msimu wa mavuno ukifika huku Nyanda za Juu Kusini, simu za kipindi chetu cha Jumapili asubuhi hubadilika. Wakati wa kupanda watu huuliza mbolea. Sasa wanauliza sadaka.

Mama mmoja ametutumia ujumbe, na jina lake tunalihifadhi. Mume wake alisimama kanisani akaahidi magunia matatu ya mahindi. Vigelegele vikapigwa. Yeye, akiwa amekaa upande wa akina mama, alikuwa anapiga hesabu kimya kimya. Nyumbani kuna magunia kumi na moja, watu sita, na mtoto mmoja anaingia kidato cha kwanza Januari. Swali lake lilikuwa fupi: "Nikimpinga mume wangu, nitakuwa nimempinga Mungu?"

Tuanze na hesabu yake, maana ndiyo iliyomkosesha usingizi. Familia ya watu sita inayokula ugali wa dona mchana na usiku inaweza kumaliza kilo tatu za unga kwa siku. Gunia la kilo 100 linakwenda siku thelathini na tatu hivi. Kwa hiyo magunia kumi na moja ni chakula cha mwaka mzima, kabla hujauza hata debe moja kwa ajili ya sare na madaftari. Ukitoa matatu, chakula kinakwisha miezi mitatu kabla ya wakati wake. Wote tunajua bei ya mahindi inakuwaje miezi hiyo ya mwisho, mapya yakiwa bado shambani.

Sasa turudi kwenye swali. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, kuna habari ambayo haihubiriwi sana siku za mavuno. Yesu anawakemea watu waliokuwa na desturi iliyoitwa Korbani, maana yake kitu kilichotolewa kwa Mungu. Mtu alikuwa akitamka neno hilo juu ya mali yake, na wazazi wake waliokuwa wakitegemea msaada wake wanaambiwa kwamba mali hiyo sasa ni ya Mungu, wao hawana haki nayo. Yesu anasema desturi hiyo inaitangua amri ya Mungu mwenyewe, ile ya kuwaheshimu baba na mama. (Kwa Wakatoliki na Walutheri ni amri ya nne, kwa madhehebu mengine ni ya tano.) Basi jambo hili si geni. Zamani pia watu walitumia jina la Mungu kuwanyima wa nyumbani kwao.

Naye Paulo, akiwachangisha Wakorintho kwa ajili ya ndugu wenye shida, anawaambia kwamba sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, wala hataki wengine wapate nafuu na wao wataabike. Iko Wakorintho wa Pili, sura ya 8.

Najua kuna atakayesema: mbona mjane wa senti mbili alitoa vyote akasifiwa? Ni kweli. Lakini yule mjane alitoa riziki yake mwenyewe. Hakusimama akaahidi chakula cha mwenzake bila kumuuliza. Tena soma mistari iliyotangulia, Marko 12: Yesu alikuwa ametoka tu kuwaonya watu juu ya walimu wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu.

Mimi simlaumu sana yule baba. Nimekulia katika mambo haya. Kwenye mnada baada ya ibada, jogoo mmoja hununuliwa, hurudishwa mezani, hununuliwa tena, na kila anayetaja bei anatajwa jina. Marehemu baba yangu aliwahi kununua jogoo wa namna hiyo kwa mkopo, kwa sababu tu jirani yake alikuwa ametangulia kutaja bei. Mama alililipa deni lile kwa fedha za maharage yake. Hakusema neno, ila mwaka ule sisi watoto hatukupata viatu.

Mwaka uliofuata baba aliahidi tena makubwa. Safari hii mama alimwonyesha ghala. Jumatatu baba alikwenda kwa mhazini wa usharika, akasema, "Nilitaja nisichokuwa nacho." Mhazini alifuta namba, akaandika nyingine, wakaendelea kuongea habari za mvua. Hakuna aliyetangaza. Naamini ilimgharimu baba kuliko yale magunia.

Kuna wanaotukumbusha kwamba Biblia inataka nadhiri itimizwe, na ndivyo ilivyo. Mhubiri, sura ya 5, anasema ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka na usiiondoe. Lakini papo hapo anaonya juu ya kinywa chenye haraka. Kwa hiyo mazungumzo yafanyike Jumamosi usiku, mume na mke, ghala likiwa wazi: chakula hadi mavuno yajayo, mbegu, deni la pembejeo, shule, bibi na babu. Kisha sadaka, na isiwe makombo. Debe moja mliloafikiana nyote wawili ni sadaka ya nyumba nzima. Na kama jirani mgonjwa hakuvuna, mpelekeeni jioni, bila kipaza sauti. Mathayo, sura ya 6, anaitaka sadaka ya siri namna hiyo.

Kwa hiyo, mama yetu, kumwonyesha mumeo hesabu si kumpinga Mungu. Mwonyeshe mkiwa wawili, si mbele ya watoto wala mashemeji.

Ametuandikia tena juzi. Mume hajajibu kitu bado. Ila asubuhi aliingia ghalani, akayahesabu magunia mwenyewe, mara mbili.