Muvi za Kupigiwa Kelele

Sikizeni wasee. Kuna muvi za kunyamaziwa na kuna muvi za kupigiwa kelele, na mimi niko mrengo wa kelele, sijifichi. Nililelewa kwa zile sinema za mtaa, ukuta mabati, benchi za mbao, TV ya mgongo mkubwa, na DJ Afro akitupea stori ya Commando na sauti yake ile hadi unasahau Schwarzenegger ni mzungu. Staringi akiingia kwa nyumba, sinema yote inamshow adui amejificha wapi. Asiposikia anatusiwa. Na stima ikipotea katikati ndio ulikuwa unajua muvi ni ya aina gani: kama ni feki, watu wanadai doh yao na kuhepa, kama ni moto, watu wanakaa kwa giza wakibishana venye itaisha. Hadi leo hiyo ndio testi yangu. Mambo ya nyota tano na asilimia nimewaachia nyinyi.

Ya kwanza kwa orodha yangu haijatoka Kenya hata. Inaitwa The Harder They Come, Jamaika, 1972, dairekta ni Perry Henzell. Jimmy Cliff anaigiza Ivan, morio wa ocha anayeshuka Kingston na basi akidai kuwa staa wa muziki. Hajakaa hata siku, vitu zake zishabebwa. Anahangaika hadi anapata studio, anarekodi ngoma kali mbaya, halafu prodyusa anamrushia dola 20. Ishirini, buda! Kutoka hapo mambo inachachuka: ganja, bunduki, makarao. Na sasa cheki maajabu, ngoma inashika chati juu yeye ni mtoro. Anaenda studio ya picha anapiga poz na mabastola mbili kama anatangaza nguo.

Lakini kipande chenye kinaniua ni cha mapema. Ivan anaingia sinema kuona Django, ile kauboi ya Italia ya 1966, na ndani watu wanapiga kelele vile vile sisi tulikuwa tunapiga. Wanamwongelesha staringi, wanabishana kama anaweza kufa kabla ya mwisho. Unaona Kingston lakini unasikia Kayole. Watu wa Jamaika wenyewe walivyosikia kuna muvi inaongea patwa yao, siku ya uzinduzi walifurika hadi viti havikutosha. Marekani ilibidi iwekewe maandishi chini ya skrini, na wote walikuwa wanaongea Kiingereza, ati. Ngoma za ndani usiniulize. Toots na Maytals unawaona studio wakirekodi laivu, jasho na kila kitu.

Sasa ruka miaka 40, shuka River Road. Nairobi Half Life, 2012, ya Tosh Gitonga. Mwas naye ni chali wa ocha, anauza DVD kijijini na kila mteja lazima aigiziwe muvi kabla ya kununua. Anadai steji. Anaingia Kanairo na mzigo, na Kanairo inamkaribisha venye inajua: anaporwa, anaishia seli. Kile kipande cha choo ya seli, kama umekiona unakijua, na kama hujakiona siwezi kukuharibia. Nasema tu hapo ndio Joseph Wairimu alishika muvi kwa kola, na tuzo ya mwigizaji bora ya Durban mwaka huo hakuokota. Mchana Mwas anafanya mazoezi ya mchezo na watu wa kuongea kizungu kwa pua. Usiku yuko na mbogi ya Oti wakitoa taa na vioo za gari za watu. Ivan na Mwas ni ndugu kabisa, na sijawahi elewa mbona watu hawazioni hizi muvi mbili usiku mmoja.

Kuna kitu nyingine nadai kusema kuhusu Nairobi Half Life. Kabla yake, mara mingi mtu wa mtaa kwa skrini alikuwa anaongea kama ako kwa mtihani wa Insha. Hapa Oti anaongea Sheng ya mtu hana haraka ya kueleweka, na Olwenya Maina aliimeza hiyo roli hadi watu walikuwa wanamwita Oti barabarani. Alituacha 2022, na bado hakuna mtu amekaa hicho kiti. Noma yangu ni moja tu: mademu wameandikwa nusu. Amina, yule Nancy Karanja anaigiza, ako na macho ya mtu anajua mengi kuliko hao machali wote, na bado muvi inamwacha nyuma. Alistahili muvi yake. Lakini kama hujui uanzie wapi na muvi za Kenya, anzia hapa, hiyo sio mjadala. Hata Oscar, hii ndio muvi ya kwanza Kenya iliwahi kutuma.

Testi ya stima ikiwa ni mashindano, bingwa ako Kampala. Who Killed Captain Alex?, 2010, imetengenezwa mtaa wa Wakaliga na jamaa anaitwa Nabwana, na yeye mwenyewe anasema ilikula chini ya dola 200. Bunduki ni za vyuma chakavu. Damu ni rangi kwa kondomu, ikipasuka unaamini. Helikopta inachorwa kwa kompyuta yenye mtu alijifunza mwenyewe, na inalipua Kampala nzima. Nakala safi ya kwanza ilishafutika zamani juu nafasi kwa kompyuta iliisha na kazi ingine ilikuwa inangoja, kwa hivyo yenye utapata ni ile msimulizi VJ Emmie anapiga kelele juu yake mwanzo hadi mwisho, akisifu, akicheka, akikutishia. Na hiyo ndio raha yenyewe! Muvi imekuja na kelele yake ndani, hata ukiwa peke yako kejani uko sinema. Nani alimuua Kapteni Alex? Utajijazia, juu muvi yenyewe haisemi.

Lia kidogo sasa. Supa Modo, 2018, ya Likarion Wainaina. Jo ni katoi ka miaka tisa, anapenda Jackie Chan na mashujaa wa kupaa, na anaumwa ugonjwa wa kumaliza. Mathe anamtoa hospitali amlete home. Dada yake Mwix hakubali kukaa tu akingoja, so anapanga na kijiji mzima wamdanganye katoi ati ako na nguvu, na mwisho wanaamua kumtengenezea muvi yake kabisa, na kamera na mavazi na kila mtu na roli. Najua unavyofikiria, muvi ya mtoto mgonjwa, nikae nilie bure. Hapana. Hii inachekesha nusu ya muda, na Stycie Waweru, yule katoi, haombi huruma hata sekunde. Ni muvi kuhusu watu wa kawaida wakigundua muvi ni kitu wanaweza tengeneza. Ilipelekwa Berlin ikapewa heshima huko, lakini mimi ningeipeleka kila kijiji iko na ukuta mweupe. Beba kitambaa. Sicheki.

Halafu kuna moja inanivunjia sheria zangu zote. Kati Kati, 2016, ya Mbithi Masya. Huyu ndiye mmoja wa Just a Band, wale walitupea Makmende kwa video ya 2010, so nilitarajia afro na teke za hewani. Wapi! Dem anaitwa Kaleche anatokea porini na nguo ya hospitali, hakumbuki kitu, anafika lodge kuna watu wanaogelea na kuchoma nyama kama Jamhuri Day. Anaambiwa amekufa. Wote wamekufa. Wanachill hapo katikati wakingoja kila mmoja akubali chenye alikifanya akiwa hai, na wengine wamebeba vitu nzito, hata za ile vurugu ya baada ya uchaguzi wa 2007. Haifiki hata saa moja na nusu, na watu wa kuchambua muvi walioko Toronto waliipa tuzo yao. Hii usiite mbogi. Zima simu, ona peke yako, na uende ulale bila kubonga na mtu.

Wale wa mapenzi, Rafiki ya Wanuri Kahiu iko, rangi zake ni tamu, Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaopimana nguvu mtaani, na unajua stori yake: Cannes iliipokea, hapa ikafungiwa 2018, korti ikaifungua siku saba mwezi wa tisa na foleni ikawa refu. Wale wa Kiswahili sanifu, tafuteni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji kutoka Bongo, 2021, imetolewa kwa kitabu cha Adam Shafi. Zanzibar ya mkoloni, Yasmin anahepa ndoa ya kulazimishwa, anakutana na Denge na siasa zake. Inaenda polepole. Lakini kwa macho ni chakula, na Kiswahili chao kitatuaibisha wote tuliozaliwa karibu na Nairobi River.

Sasa kitu inaniudhi. Enda duka yoyote ya muvi mtaani na flashi yako. Uliza series ya Korea, unajaziwa msimu wote na bado unapewa ingine ya bure. Uliza Kati Kati, jamaa anakuangalia kama umeulizia dawa ya mbu. Hata Nairobi Half Life wengi wetu tuliiona kwa vipande vya mtandao, bila dairekta kuonja hata shilingi. Alafu tunauliza mbona Wakenya hawatoi muvi kila mwezi.

Za juzi juzi ndizo za kufuatilia. Nawi ilitoka 2024, ni ya Turkana, msichana wa miaka 13 amepita mtihani fiti na fathe anamwozesha badala ya kumpeleka sekondari. Michelle Lemuya Ikeny, mwenye anamwigiza, ana macho ya kukupiga kofi. One Woman One Bra ya Vincho Nchogu ilianzia Venice 2025 na ikashinda tuzo ya muvi ya kwanza huko London: mwanamke anatafuta familia yake juu bila jina la ukoo hapati hati ya shamba. Jina linachekesha, shida haichekeshi. Na Memory of Princess Mumbi ya Damien Hauser, pia ya Venice 2025, imekaa mwaka wa 2093 na imechorwa nusu na akili mnemba. Hiyo naitamani juu sijui kama nitaipenda. Najua kuna wale wanangoja The Odyssey ya Nolan juu Lupita yumo. Poa, Lupita ni wetu, lakini Nolan hahitaji soo tano yako vile Vincho anaihitaji.

So hivi: hizi za nyumbani zikigonga sinema town, enda wikendi ya kwanza, hiyo ndio wenye sinema huhesabu kabla waitoe. Lipa tikiti, beba mbogi mzima, kaeni pamoja, na staringi akikaribia ule mlango, mshow adui ako wapi.