Mashine Inayolia Juu ya Sarafu

Sogeeni karibu, wanangu, nawe wa mlangoni acha kutafuna muwa usikie. Mkimwona mtu anapita taratibu na fimbo yenye sahani ya duara chini, hedifoni masikioni, msidhani ni mganga anaagua ardhi. Anatafuta pesa za zamani.

Ndani ya ile sahani mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri unapita humo ukibadilika-badilika, nao unatoa nguvu ya sumaku inayozama udongoni. Ikikuta metali, metali hiyo nayo inarudisha sumaku yake ndogo. Mashine ikiihisi, inalia. Lakini kwa kitu kidogo kama sarafu haifiki mbali, ni kina kifupi tu. Asiwadanganye mtu kwamba inaona dhahabu ya babu chini ya mwamba. Tena haichagui sana: ikikuta kizibo cha soda inalia, ikikuta msumari inalia. Hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwa mabati na misumari yetu, ingelia mpaka betri iishe.

Na sarafu zipo? Kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1994, hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa enzi za Rais Kamuzu Banda. Kwa hiyo jembe laweza kuibua sarafu ya tambala moja, jogoo upande huu, sura ya Banda upande ule. Hizo zilianza kutumika 1971. Kule Lilongwe, mitaa ya Old Town, huenda ikatoka peni ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland ya miaka ya 1950, yenye tundu katikati na tembo wawili. Wenye wazee kutoka Kongo, waulizeni nyumbani habari za makuta, pesa za zamani za huko.

Sasa kisa cha kweli. Mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa zamuni kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Mashine hakuwa nayo. Alikwenda kuvua samaki, akaona sarafu 9 mchangani, akaziweka. Mwaka 1979 ndipo akazipeleka zikaguliwe. 4 zilikuwa za Waholanzi. 5 zilikuwa za Kilwa! Kilwa hii ya Tanzania, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 9,000. Nani alizifikisha huko? Wataalamu wanabishana hadi leo, maana ziliokotwa tu juu ya mchanga, hazikuwa na kitu kingine jirani cha kuzitolea ushahidi. Bahati nzuri, Isenberg alitia alama ya X kwenye ramani, pale alipoziokota.

Linganisheni na Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta huko sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Zile za fedha hazikuandikwa mwaka. Ila pamoja nazo kulikuwa na dinari za dhahabu zenye tarehe, na hizo ndizo zilizowaonyesha kwamba hazina ile ilifukiwa karne ya 11 au baadaye kidogo. Angetangulia mtu akabeba dhahabu peke yake, zile za fedha zingebaki bubu.

Basi mkiokota sarafu ya kale, msiisugue kwa mchanga wala ndimu. Wekeni alama mahali pale, andikeni palikuwaje, mpelekeeni habari mwalimu ili naye aulize makumbusho. Na tafadhali, msimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye ataipima kwa gramu tu.