Kasaji: Kabla ya darasa la kwanza, mwalimu ni mama

KASAJI, LUALABA – Septemba ikikaribia, mama wa Kiislamu mwenye mtoto wa miaka sita katika mji huu wa reli ana uamuzi wa kufanya, na pesa ni sehemu yake ndogo tu. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali nchini Kongo hazitakiwi kutoza karo, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinavyoagiza. Lakini bure hiyo huanzia darasa la kwanza. Miaka ya chekechea haimo, na nje ya miji mikubwa shule za namna hiyo ni chache, nyingi zikiwa za kulipia. Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano hubaki nyumbani. Chochote atakachokijua siku ya kwanza anapokaa kwenye benchi, atakuwa amekitoa kwa mama yake.

Katika nyumba ya Kiislamu kazi hiyo ni mara mbili. Kasaji iko katika eneo la Dilolo, kwenye reli itokayo Kolwezi kwenda mpaka wa Angola, katika nchi ya Walunda na Wachokwe. Waislamu huku ni wachache na majirani wengi ni watu wa kanisa. Shule nyingi za Kongo, ingawa ni za serikali, huendeshwa kwa mkataba na makanisa: Katoliki, Kiprotestanti, Kimbangu. Zipo za Kiislamu zenye mkataba kama huo, ila si kila mahali. Kwa Wakatoliki mtoto atafundishwa kusoma na kuhesabu sawasawa. Fatiha hataikuta huko.

Ndiyo maana darasa hufunguliwa alfajiri. Mama akishaswali, huwasha makala kwenye mbabula na kuweka maji, na aliyeamka kwanza hukaa karibu naye akirudia sura fupi: Al-Kauthar yenye aya tatu, kisha Al-Ikhlas yenye nne. Hakuna kitabu kinachohitajika kwa hilo, ni masikio na subira. Anayekosea hurudishwa mwanzo wa aya, na maji yakichemka somo limekwisha.

Hesabu nayo ina njia yake. Rakaa za alfajiri ni mbili, adhuhuri nne, alasiri nne, magharibi tatu, isha nne. Mtoto anayezijumlisha kwa punje za mahindi na kupata kumi na saba amejua kujumlisha na amejua sala zake kwa mara moja. Noti za franka hufuata: mia tano mbili ni elfu moja, na akitumwa dukani kununua chumvi atakuwa amefanya mtihani.

Penye ugumu ni kusoma. Mtoto wa Kasaji hukutana na mifumo mitatu ya herufi kabla hajang'oka meno ya utoto. Alifu kwa ujiti huanzia kulia, na daftari la Kiarabu hufunguliwa upande ambao daftari la shule hufungwa. Kiarabu kina fataha, kasiri na dhuma, yaani a, i na u tu. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja husomwa kama ilivyoandikwa. Halafu kinakuja Kifaransa, ambacho ndani yake u si u. Ukitaka sauti ya u unaandika o na u pamoja. Neno "chai" likisomwa kwa kanuni ya Kifaransa linakuwa "she". Mtoto aliyefundishwa vizuri na mama yake anaweza kufika darasani akaonekana hajui kusoma, kumbe anasoma kwa kanuni ya lugha nyingine.

Na Kiswahili chenyewe ni viwili. Nyumbani ni Kiswahili cha Katanga: mutoto, mutu, bukari. Vitabu vilivyochapwa Tanzania au Kenya vinasema mtoto, mtu, ugali. Humo "makala" ni maandishi ya gazetini, wala si kitu cha kupikia. Mama anayefuta "mutoto" kila linapoandikwa anampa mwanawe woga wa kalamu bure. Afadhali amwache aandike anavyosema, kisha amwonyeshe kwamba kitabu huliandika hivi.

Mama kuwa mwalimu wa nyumbani si jambo geni kwa Waswahili. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, kwenye visiwa vya Lamu, alimtungia binti yake utenzi wa mafunzo mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Aliuandika kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Kwa njia hiyohiyo mtoto wa Kasaji anayejua alifu yake anaweza kuandika jina lake mara mbili, mara moja kutoka kila upande, na watoto hupenda sana mchezo huo.

Sasa uamuzi wenyewe. Katiba haisemi tu kwamba shule ya msingi ni bure. Inasema pia ni ya lazima. Mama hawezi kumweka mtoto nyumbani miaka yote kisha akatazamia cheti cha mwisho wa shule ya msingi kimwangukie. Lakini tangu masomo yawe bure madarasa yamefurika, na mama mwenye mtoto wa kike mdogo wa umbo hujiuliza kama mwalimu atapata hata nafasi ya kumsikia akisoma. Akimchelewesha mwaka mmoja, msichana atakuwa mkubwa kuliko wenzake, na huku msichana aliyechelewa ndiye wa kwanza kuitwa nyumbani kulea wadogo zake. Akimpeleka, asubuhi za Kurani zimepungua. Na ikiwa mama mwenyewe aliacha shule kabla Kifaransa hakijakaa kichwani, baada ya miaka miwili au mitatu hatakuwa na la kumsahihisha kwenye daftari.

Njia inayowezekana ni kugawa siku. Sura hubaki alfajiri, shule ichukue saa zake, na baada ya alasiri daftari lifunguliwe tena uani wakati sombe ikitwangwa. Hapo mama hubadilishana kazi na mwanawe: mtoto ndiye anayesoma Kifaransa kwa sauti, mama husikiliza na kuuliza maana ya kila neno kwa Kiswahili. Asipoweza kuieleza, kesho atamwuliza mwalimu. Wa miaka minne, ambaye hajaandikishwa popote, huwa amekaa hapohapo na punje zake za mahindi, akihesabu hadi kumi na saba.